Kijana mwenye ulemavu Kigoma: VETA, fundi wa mtaani, sheria au mkopo?

Mzazi wa Kigoma mwenye kijana kiziwi, au binti mwenye ulemavu wa akili aliyemaliza darasa la saba kwa taabu, akianza kuuliza "nimpeleke wapi huyu?" hupewa majibu manne. Mtendaji wa kata humwambia ampeleke VETA, kwenye vyuo vya ufundi stadi vya serikali. Afisa maendeleo ya jamii humweleza habari za mikopo ya halmashauri. Redioni anasikia kwamba sheria inawataka waajiri waajiri watu wenye ulemavu asilimia 3. Jirani yake, asiye na habari za sheria wala mkopo, anamwambia kuna fundi seremala mzuri pale Gungu, nenda kazungumze naye.

Majibu yote manne ni ya kweli. Shida inaanza pale yanapotolewa kana kwamba mzazi achague moja tu, wakati kila jibu lina hatua yake na lina kijana wake. Mkopo humfaa aliyekwisha kupata ujuzi. Sheria humbana mwajiri mwenye watu wengi. Chuo kina masharti ya kuingia, na fundi naye ana yake, ingawa hayajaandikwa popote. Mzazi akivuruga mpangilio, kijana anakaa nyumbani miaka mitatu, minne, huku wenzake wa rika lake wameshaanza kujitegemea.

Niseme mapema ninaposimama. Kwa vijana walio wengi wenye ulemavu hapa kwetu, jibu la jirani ndilo mlango wa kwanza. Na katika majibu yote manne, hilo ndilo tunalolisaidia kidogo kuliko yote.

Asilimia 3 inamgusa nani?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba watu wenye ulemavu hawapungui asilimia 3 ya wafanyakazi wake. Kabla yake kulikuwa na sheria ya mwaka 1982 iliyodai asilimia 2, tena kwa waajiri wakubwa zaidi, kuanzia watu 50. Kwa hiyo sheria ya sasa imeshuka hadi kwa waajiri wa kati, na hilo ni jambo jema.

Lakini piga hesabu. Asilimia 3 ya watu 20 haifiki hata mtu mmoja. Hadi ufikie mtu mmoja kamili, mwajiri awe na watu kama 34. Sasa toka Mwanga sokoni, teremka hadi Ujiji, uhesabu karakana, gereji, vibanda vya cherehani na sehemu za kuchomelea milango ya chuma. Utakuta fundi mkuu na vijana wawili, watatu, pengine mdogo wake au mtoto wa dada yake. Hao sheria haiwafikii. Inaifikia halmashauri, hospitali, benki, mashirika, kampuni za ujenzi, na huko kote swali la kwanza mlangoni ni cheti.

Sisemi hivyo ili mtu aidharau. Kijana asiyeona aliyepata diploma ya ualimu, au mwenye ulemavu wa viungo aliyesomea uhasibu, mlango huu ni wake na aupige kwa nguvu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, inayoajiri watumishi wa umma, huwahimiza waombaji wenye ulemavu kutuma maombi na huwataka waainishe ulemavu walionao kwenye mfumo. Wapo wanaouficha kwa kuogopa kukataliwa, kisha wanaitwa kwenye usaili wa maandishi usio na mkalimani wala karatasi ya maandishi makubwa. Jaza ile sehemu. Ndiyo inayokupa haki ya kuuliza, kabla ya siku ya usaili, umeandaliwa nini.

Tanzania pia iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao unasisitiza marekebisho yanayofaa kazini. Maana yake ni kubadilisha namna kazi inavyofanyika ili mtu aiweze, kama vile kushusha meza, kuongeza mwanga au kuandika maelekezo badala ya kuyasema. Shikilia wazo hilo, maana tutalihitaji tukifika kwa fundi.

VETA na vyuo vingine

VETA ipo Kigoma na ipo Tabora, na inafundisha karibu kila kitu ambacho mkoa unakihitaji: uashi, umeme wa majumbani, ushonaji, magari, uchomeleaji, useremala. Cheti chake kinatambulika nchi nzima. Kwa kijana mwenye ulemavu wa viungo aliyesoma vizuri, au mwenye uoni hafifu anayesoma akipewa maandishi makubwa, chuo ni chaguo la kwanza bila kusita.

Kikwazo huanzia darasani. Masomo ya ufundi yana nadharia, yana hesabu, yana vipimo vya kuandika. Kijana kiziwi aliyepita shule ambayo walimu hawajui Lugha ya Alama anafika chuoni mikono yake iko tayari lakini daftari lake halimsaidii. Mwenye ulemavu wa akili anaweza kushona suruali nzima na bado asijibu swali moja la karatasi. Uingereza wamelikuta tatizo hilohilo, nao wakalegeza: mwanagenzi, yaani anayejifunzia ufundi kazini, mwenye shida ya kujifunza iliyothibitishwa anaruhusiwa kufanya mtihani wa Kiingereza na hesabu wa kiwango cha chini kuliko wenzake, ili asinyimwe ufundi kwa sababu ya karatasi. Hilo ni jambo la kuomba hapa pia, na ukienda chuoni kuuliza nafasi, liulize kwa sauti: mtihani wa nadharia unaweza kufanywa kwa mdomo? Mkalimani atakuwepo? Mkuu wa chuo asipoulizwa hana sababu ya kujiandaa.

Serikali ina vyuo vyake vya ufundi na marekebisho kwa watu wenye ulemavu, kama Yombo cha Dar es Salaam na Sabasaba cha Singida. Kilicho karibu nasi ni Luanzari, mkoani Tabora. Hiki kilipitia kipindi kirefu cha kufungwa kabla ya serikali kuanza kukifufua, kwa hiyo usimpakie kijana kwenye treni na begi lake kabla afisa ustawi wa jamii hajapiga simu na kuthibitisha kozi zilizopo na nafasi za bweni.

Kwa fundi, pale pale kazini

Sasa njia ya jirani. Kujifunza kwa fundi ndiko kulikowalea mafundi wetu wengi, kuanzia waunda mitumbwi wa Kibirizi hadi washonaji wa Mwanga. Lugha ya serikali inaita uanagenzi. Nguvu yake kwa kijana mwenye ulemavu ni kwamba hakuna karatasi ya kuingilia. Anaonyeshwa, anajaribu, anasahihishwa, anarudia.

Mama anafika na kijana wake, wanasalimiana, anasema, "Fundi, nimekuletea mwanangu umfundishe kazi." Fundi anamtazama kijana, anaambiwa hasikii, anajibu kwa upole, "Mama, mimi hiyo lugha yao siijui. Atakatika mkono hapa." Mazungumzo mengi huishia hapo. Fundi huyu hana roho mbaya. Ameulizwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kumweleza linafanyikaje.

Basi tulieleze. Useremala unafundishwa kwa macho zaidi ya masikio. Fundi aliyezoea kupaza sauti "nikatie futi tatu na nchi mbili" atachora mlango kwa penseli kwenye kipande cha mbao na kuweka tarakimu pembeni. Kijana anayeshindwa kusoma sentensi mara nyingi tarakimu anazijua vizuri. Wakubaliane ishara chache za kuanzia: kata, shika, lete, simama, hatari, bado, vizuri. Hizo zinatosha kwa wiki za mwanzo, na nyingine zitazaliwa zenyewe kazini. Fundi aache tabia ya kuongea huku penseli iko mdomoni au amegeuka upande wa pili, kwa sababu kijana anasoma uso wake.

Kwenye mashine kuna kanuni moja isiyovunjwa: hakuna anayemgusa kiziwi kutoka nyuma akiwa kwenye msumeno wa umeme au mashine ya randa. Atashtuka, na mkono uko karibu na meno. Unayemtaka zunguka mbele akuone, au zima na kuwasha taa ya karakana mara mbili. Mashine ielekezwe ili akiwa kazini aone mlangoni. Na kwa kuwa hatasikia mlio wa mashine ukibadilika, afundishwe kuuhisi mtetemo wa mbao mkononi na kujua upi ni wa kawaida, upi unamwambia aache kusukuma. Mabadiliko yote haya yanagharimu taa moja na subira. Yakishafanyika, hofu ya mkono kukatika inakuwa sawa na ya kijana mwingine yeyote.

Binti mwenye ulemavu wa akili anahitaji kitu tofauti. Yeye anasikia na kuona, lakini maelekezo matano yakitolewa pamoja yanampotea. Fundi cherehani akimwambia "shona sketi ya shule", hajamwambia kitu. Kazi ivunjwe vipande vidogo, kila kipande kifundishwe peke yake hadi mkono ukizoee. Aanze kwa kushona mistari iliyonyooka juu ya karatasi, cherehani haina uzi, hadi mguu na mkono vikubaliane. Kisha kitambaa chakavu. Kisha pindo.

Walimu wa elimu maalumu wanatumia njia nyingine ninayoipenda sana, ya kuanzia mwisho. Fundi anashona sketi yote, anamwachia binti hatua ya mwisho tu: kukata nyuzi zilizobaki na kupiga pasi. Siku ya kwanza tu binti amemaliza nguo, mteja ameichukua, amemwona anaikabidhi. Akiiweza hatua hiyo anaongezewa inayoitangulia, kufunga vifungo, halafu pindo, halafu zipu. Kila siku anamaliza kitu kizima. Wanaoanzishwa mwanzo hukata tamaa njiani kwa sababu wiki zinapita hawajaona nguo iliyokamilika. Na fundi mwenyewe anafaidika mapema: Desemba na Januari, sare za shule zinapojaa mezani, mtu wa kukata nyuzi, kufunga vifungo na kupiga pasi ni msaada wa kweli.

Kuna mambo ya kujua haraka kuhusu hali nyingine. Kijana mwenye ualbino asipelekwe kwenye uashi wa juani wala kuanika dagaa mchana kutwa. Ngozi yake inaungua na saratani ni hatari halisi. Kazi za ndani zinamfaa, ila wengi wana uoni hafifu, hivyo akae karibu na dirisha bila jua kumpiga, avae kofia pana na mikono mirefu njiani, na apate losheni ya kukinga jua. Uchomeleaji nisingemshauri, kwa mwali wake na kwa macho. Mwenye kifafa anafanya kazi karibu zote akinywa dawa sawasawa. Kwa walio wengi dawa huzuia kabisa degedege. Hadi hali itulie asipande dari, asikae karibu na moto, asiingie ziwani peke yake. Na wenzake waambiwe siku ya kwanza kwamba kifafa hakiambukizi, kwamba akianguka wamlaze ubavu, wasimtie kitu mdomoni, na degedege likizidi dakika tano wamkimbize hospitali.

Mapatano yaandikwe

Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Kijana wa kawaida akionewa na fundi ataondoka atafute mwingine. Kijana mwenye ulemavu wa akili anaweza kufagia karakana na kuchota maji mwaka mzima, kila mtu akisema "yupo kazini, anajifunza". Kule mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, unaweza kumkuta anageuza dagaa tangu alfajiri, jioni anapewa dagaa za kula, na watu wanaona amesaidiwa. Hiyo ni kazi, na kazi ina ujira.

Dawa yake ni karatasi moja, kwa Kiswahili cha kawaida, iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Iseme kijana anafundishwa kazi gani hasa na kwa muda gani. Iseme kama mzazi analipa ada ya kujifunza au halipi, nani ananunua tepu, mkasi, miwani ya kukinga macho, na chakula cha mchana kinatoka wapi. Iseme namna ya kumwelekeza kijana: kwa michoro, kwa kuonyeshwa, hatua moja moja. Itaje mtu wa kupigiwa simu mambo yakienda vibaya. Muhimu kuliko yote, itaje siku za kukaa chini na kutazama ameweza nini, na kwamba akianza kutoa kazi inayouzwa, atapata posho ya kiasi gani na kuanzia lini. Miezi mitatu ikipita na kijana bado ni wa kufagia tu, mzazi ana karatasi ya kunyoosha kidole.

Mafundi wengine wanaona karatasi kama kutoaminiwa. Wengi wakielezwa kwamba inawalinda na wao, kwamba mzazi hatakuja mwezi wa pili kudai mwanawe awe fundi kamili, wanasaini.

Nani anamfuata huko?

Marekani, miaka ya 1980, waliokuwa wakiwasaidia watu wenye ulemavu mkubwa wa akili waligeuza utaratibu uliozoeleka. Badala ya kumwandaa mtu kwa miaka kwenye kituo maalumu akisubiri kuwa tayari, walimpeleka moja kwa moja kwenye kazi halisi, pamoja na msaidizi anayejifunza kazi hiyo kwanza, anamfundisha pale pale, kisha anapunguza kuja kadiri kijana anavyoweza. Uingereza leo wana mafunzo ya kazini ya namna hiyo kwa vijana wa miaka 16 hadi 24 wenye mahitaji makubwa, na serikali yao ina mpango unaolipia wakalimani na vifaa kazini.

Sisi hatuna bajeti hiyo. Lakini ukiitazama njia yenyewe, kiini chake ni mtu mmoja anayemjua kijana, anayekubalika kwa fundi, anayepita karakanani mara kwa mara mwanzoni, baadaye mara moja kwa wiki, baadaye kwa mwezi. Mtu huyo Kigoma yupo. Anaweza kuwa mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu aliyemfundisha kijana shuleni. Anaweza kuwa mwanachama wa CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, au wa chama cha watu wenye ualbino, au fundi mstaafu mwenye ulemavu aliyepita njia hiyohiyo. Siku ya kwanza anamfundisha fundi zile ishara chache. Wiki ya tatu, kijana anapogoma kurudi na nyumbani hawajui kwa nini, yeye ndiye anayegundua kwamba wenzake wanamwita kwa jina la kejeli, au kwamba hana nauli na anaona aibu kusema.

Kama ningepewa fedha za mradi mmoja tu mkoani hapa, ningemlipa mtu huyo nauli na muda wa maongezi, na nikamlipa fundi posho ndogo kwa miezi ya mwanzo ambayo kijana anakula muda wake bila kuzalisha. Semina ya siku mbili hotelini haifiki karakanani.

Cheti, kisha mkopo

Aliyejifunzia kwa fundi si lazima abaki bila cheti. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: mtathmini anamtazama mtu akifanya kazi, anamwonyesha mapungufu, akifaulu anapewa cheti. Programu ya kukuza ujuzi iliyo chini ya serikali kuu imewahi kugharamia mafunzo ya uanagenzi na urasimishaji wa aina hiyo kwa vijana, kwa hiyo uliza ofisi ya VETA na ofisi ya halmashauri kama kuna dirisha lililo wazi. Wakati wa kuomba, andika kabisa kwamba mtahiniwa ni kiziwi na anahitaji mkalimani, au kwamba ataonyesha kwa vitendo na kujibu kwa mdomo. Ukisema siku ya tathmini umechelewa.

Mkopo unakuja hapo mwisho. Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Ni fedha nzuri kwa kijana anayejua kushona na anayehitaji cherehani yake na ovaloki. Kwa kijana asiye na ujuzi ni deni. Nimeona vikundi vinavyoundwa harakaharaka ili kufikia masharti, watu wasiofahamiana, biashara iliyonakiliwa kutoka kikundi kingine, na baada ya miezi michache fedha imekwisha na majina yao yako kwenye orodha ya wadaiwa. Mwenye ujuzi wa mwaka mmoja au miwili na wateja wake anaingia dirisha hilohilo kwa miguu mingine kabisa: anajua bei ya kitambaa, anajua nani halipi, anajua mwezi gani kazi inakauka.

Sensa ya mwaka 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Kwa hiyo kila kata ya Kigoma ina vijana hawa, na kila kata ina mafundi. Kinachokosekana ofisini kwa mtendaji ni daftari moja lenye orodha mbili: mafundi walio tayari kupokea, na vijana wanaotafuta, kila jina likiwa na namba ya simu na kazi inayotakiwa. Mzazi anayesoma hapa, huna haja ya kulisubiri. Andika jina la mwanao, kazi anayoipenda kuitazama watu wakiifanya, na mambo mawili fundi anayopaswa kujua kumhusu. Karatasi hiyo ipeleke kwa mafundi watatu wa mtaani kwako, ukiongozana na mwalimu wake, na uombe wiki mbili tu za kumjaribu.